Warfarini, sindano za enoksaparini, heparini ya dripu na mashine ya INR: tumezipima kwa macho ya leba

Dawa za kuzuia damu kuganda husifiwa kwa jinsi zinavyoilinda valvu ya moyo. Humu tunazipima kwa jambo jingine, ambalo katika chumba cha leba ndilo linaloamua: zinachukua saa ngapi kutoka mwilini, na utajuaje kwamba zimetoka. Mjamzito mwenye valvu ya bandia anahitaji kinga dhidi ya mabonge ya damu kwa miezi yote tisa. Halafu kwa saa chache anahitaji damu inayoganda vizuri, ili ajifungue bila kumwaga damu na ili sindano ya ganzi iweze kuingia mgongoni. Saa hizo zikipita, kinga inatakiwa irudi haraka. Dawa iliyo nzuri kliniki lakini haitabiriki saa inapotakiwa kuondoka ina kasoro, na kasoro hiyo tutaitaja kwa kila moja.

Valvu tunazozungumzia ni zile ambazo wagonjwa huziita za chuma. Kwa kweli nyingi za sasa zina vijani viwili vya kaboni ngumu vinavyofunguka na kujifunga kama milango miwili, muundo ulioanza kuwekwa kwa binadamu mwaka 1977 kwa valvu ya St. Jude Medical. Valvu za tishu ya nguruwe au ng'ombe haziingii humu, kwa sababu wengi walio nazo hawahitaji dawa hizi ujauzito mzima. Afrika Mashariki, wanawake wengi wenye valvu ya chuma waliharibikiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata mafindofindo ya utotoni, wakapasuliwa wangali wasichana au vijana. Baadhi walifanyiwa upasuaji India, wengine Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Ugonjwa huo hupenda valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na mahali hapo damu hupita kwa mwendo wa taratibu kuliko kwenye valvu ya aota, mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa hiyo bonge hujijenga kwa urahisi zaidi. Juu ya hapo, ujauzito wenyewe huongeza vigandishi vya damu, fibrinojeni ikiwa mojawapo, na kupunguza protini zinazovizuia. Mama ana sababu mbili za kuganda kwa wakati mmoja.

Ukubwa wa hatari unaonekana kwenye takwimu za nchi ambazo hazina upungufu wa dawa wala maabara. Uingereza ilihesabu wanawake 58 wajawazito wenye valvu hizi kati ya 2013 na 2015: watano walifariki, na 16 tu ndio waliomaliza salama wao na watoto wao. Katika daftari la kimataifa lenye wanawake 212, kumi walipata bonge kwenye valvu. Watano kati ya hao lilitokea miezi mitatu ya kwanza, na wote watano walikuwa wamehamishwa kutoka warfarini kwenda aina fulani ya heparini. Hatari kubwa iko wakati wa kubadilisha dawa. Leba ni badiliko la pili, na lina haraka zaidi.

Dozi tunazozitaja ni za meza ya timu: daktari wa moyo, wa uzazi, wa usingizi na wa watoto wachanga. Mama asibadilishe dawa yake kwa kusoma hapa.

Vidonge vya warfarini

Kwa kuilinda valvu peke yake, hakuna kinachokishinda kidonge hiki. Bei yake ni ndogo, hakihitaji friji wala sindano. Lengo la INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda mara ngapi kuliko ya kawaida, kwa valvu ya mitrali kwa kawaida ni 2.5 hadi 3.5, na kwa ya aota 2.0 hadi 3.0. Wanaofikia lengo hilo kwa miligramu 5 au pungufu kwa siku wana nafuu, kwa kuwa madhara kwa mtoto hupungua kadiri dozi inavyokuwa ndogo. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2018 ulikubali kundi hili liendelee na warfarini hata miezi mitatu ya kwanza, mama akiwa ameelezwa na kuridhia. Juu ya miligramu 5, kati ya wiki ya 6 na ya 12, hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na pua iliyobonyea na mifupa yenye kasoro kwenye ncha zake inapanda.

Matatizo ya kila siku tunayoyaona ni ya kuzuilika. Rangi ya kidonge haina sheria moja duniani: kidonge cha pinki ni miligramu 5 Uingereza, na miligramu 1 Marekani. Mama anayeletewa dawa na ndugu zake wa ughaibuni asome miligramu, asiamini rangi. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi. Haina maana aviache. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, kwa sababu kinachoyumbisha INR ni kula bakuli kubwa mwezi huu na kutokula kabisa mwezi ujao. Kotrimoksazoli, metronidazoli na flukonazoli, dawa tatu ambazo mjamzito huandikiwa kirahisi kwa ajili ya mkojo au uchafu ukeni, zote hupandisha INR. Rifampisini huishusha. Anayeandika mojawapo ya hizi apange kipimo cha INR ndani ya siku nne au tano, asisubiri kliniki ya mwezi.

Siku ya leba kidonge hiki kinakuwa kibaya kuliko vyote. Damu ya mama hurudi kawaida kama siku tano baada ya kuacha. Ya mtoto huchelewa zaidi. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma, na ini changa la mtoto hutengeneza vigandishi polepole, hivyo damu yake inaweza kubaki nyepesi zaidi ya wiki moja baada ya mama kumeza kidonge cha mwisho. Ndiyo maana warfarini husimamishwa wiki ya 36, na ndiyo maana leba ikianza kabla wiki mbili hazijaisha tangu isimame, mtoto huzaliwa kwa upasuaji: kubanwa njiani kunaweza kumwagia damu kichwani. Mkunga akikuta kadi inasema dawa ilisimama siku sita zilizopita na INR ya mama ni 1.1, asidhani mambo yamekwisha. Hiyo 1.1 ni ya mama peke yake. Vakyumu, koleo na kuchukua damu kichwani mwa mtoto, vyote viwekwe kando.

Uchungu ukimkuta mama angali kwenye warfarini, njia ni upasuaji chini ya nusu kaputi, INR ikiwa imeshushwa hadi 1.5 au chini. Mchanganyiko wa vigandishi vya chupa hufanya kazi ndani ya dakika chache na ujazo wake ni mdogo. Ukiwepo, ndio wa kuchukua. Hospitali nyingi zina plazima iliyogandishwa tu, yaani maji ya damu yenye vigandishi. Kwa mililita 15 kwa kilo, mama wa kilo 60 anahitaji mililita 900, yaani vifuko vitatu au vinne, na kila kimoja kinachukua takriban nusu saa kuyeyuka. Tatizo ni kwamba moyo wenye valvu ya mitrali hauwezi kila wakati kupokea karibu lita nzima kwa haraka. Mapafu hujaa maji. Wingi huo utolewe huku mama akisikilizwa mapafu na furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, ikiwa tayari mkononi. Vitamini K ya dozi kubwa tunaipinga: itachelewa kwa saa kadhaa, haitamsaidia mtoto kwa wakati, na baadaye itaifanya warfarini igome kwa siku nyingi huku valvu ikibaki bila kinga. Mtoto mwenyewe akizaliwa apewe vitamini K yake na, vipimo vikidai, plazima yake. Plazima aliyopewa mama haimfikii.

Sindano za enoksaparini

Hii ni heparini ya molekuli ndogo, na ndiyo dawa ambayo familia huipenda, kwa sababu haipiti kwenye kondo la nyuma na mama hujichoma mwenyewe nyumbani. Clexane na zinazofanana nayo huja kwenye bomba lililojazwa tayari: miligramu 20, 40, 60, 80 na 100. Kianzio ni miligramu 1 kwa kilo ya uzito kila saa 12, na saa 12 maana yake ni saa 12. Kuchoma saa mbili asubuhi na saa tano usiku kunaacha pengo ambalo valvu ya mitrali haiwezi kulisamehe.

Mabomba ya 20 na 40 hayana mistari ya kupimia. Mama wa kilo 68 asipewe mabomba mawili ya 40 na kuambiwa abakishe kidogo; apewe la 80 lenye mistari, ziada imwagwe kwanza. Anayechoma bomba zima asitoe kipovu cha hewa kilichomo, kwani kimewekwa ili kusukuma dawa yote, na ukikifukuza unapoteza matone pamoja nacho. Dawa ikae chini ya nyuzi 25, na isigandishwe. Katika nyumba ya pwani isiyo na feni, hasa Januari na Februari, hilo ni jambo la kupanga: kona yenye kivuli, mbali na jiko na bati.

Tatizo letu kubwa na dawa hii ni la kipimo. Uzito wa mama hupanda na figo zake huitoa dawa kwa kasi zaidi, kwa hiyo dozi iliyotosha wiki ya 14 haitatosha wiki ya 28. Njia ya kujua ni kupima anti-Xa, kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya heparini, saa nne hadi sita baada ya kuchoma. Mwongozo wa 2018 ulitaka 0.8 hadi 1.2 kwa valvu ya aota na 1.0 hadi 1.2 kwa ya mitrali, kila wiki. Maabara nyingi za ukanda huu hazina kipimo hicho. Msimamo wetu ni huu: pasipo anti-Xa, enoksaparini ya kukadiria kwa uzito haifai kumbeba mwenye valvu ya chuma miezi yote. Warfarini hadi wiki ya 36 inamlinda vizuri zaidi, hata kama sindano inaonekana ya kisasa.

Kwa leba, enoksaparini inashika nafasi ya kati. Dozi ya tiba inahitaji angalau saa 24 kabla ya sindano ya mgongo. Dozi ndogo ya kinga ya miligramu 40, saa 12. Uchungu hautoi notisi ya saa 24. Kwa hiyo mama afundishwe sentensi moja tangu wiki ya 30: tumbo likianza kuuma kwa vipindi au maji yakipasuka, usichome, njoo. Tunaisisitiza kwa sababu kosa la kawaida ni la mama mtiifu, ambaye uchungu umeanza alfajiri na yeye anachoma dozi ya asubuhi kama alivyoagizwa, kisha anafika hospitali na saa 24 mpya mbele yake. Protamini, dawa ya kuzima heparini, huipunguza nguvu enoksaparini, haiimalizi. Hupewa miligramu 1 kwa kila miligramu 1 ya dawa iliyochomwa ndani ya saa nane zilizopita. Husaidia kwenye damu inayotoka, lakini haiwi ruhusa ya kuchoma mgongo.

Heparini ya dripu

Kwa siku mbili za mwisho, hii ndiyo tunayoichagua. Ni dawa kuukuu, inamlaza mama kitandani, inahitaji mshipa na damu kila saa kadhaa, na kwa miezi tisa haifai kabisa. Lakini nusu yake huondoka ndani ya saa moja hadi moja na nusu, ina kipimo kinachopatikana maabara nyingi, na protamini huizima kikamilifu. Enoksaparini husimama saa 36 kabla ya siku iliyopangwa ya kuzaa, dripu inachukua nafasi, na dripu husimama saa nne hadi sita kabla. Valvu hukaa bila kinga kwa muda mfupi kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Maandalizi yake yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa makosa mengi yako hapa. Kwanza chupa: kuna heparini ya yuniti 1,000 kwa mililita na kuna ya yuniti 5,000 kwa mililita, na vichupa hivyo vinaweza kufanana hadi kifuniko. Watu wawili wasome lebo kwa sauti. Yuniti 25,000, yaani mililita 5 za kile chenye nguvu, ndani ya mililita 500 za salaini hutoa yuniti 50 kwa kila mililita. Mama wa kilo 60 kwa kuanzia yuniti 18 kwa kilo kwa saa anahitaji yuniti 1,080 kwa saa, ambazo ni mililita 21.6. Pampu ndiyo ya kutumia. Pasipo pampu, seti ya matone madogo, yale 60 kwa mililita, huwa takriban matone 22 kwa dakika, na mtu ayahesabu kila nusu saa. Seti ya kawaida ya matone 20 haina usahihi wa kazi hii. Ndoo ya matatizo inajazwa na mambo madogo: mkono umekunjwa na dripu imesimama usiku, betri ya pampu imeisha umeme ulipokatika, kanyula imetoka nje ya mshipa na mkono umevimba. Mwenye valvu ya mitrali aliyekaa saa tatu bila heparini bila mtu kujua hana tofauti na aliyenyimwa dawa.

Kipimo chake ni aPTT, yaani sekunde ambazo damu huchukua kuganda maabara, saa sita baada ya kuanza na saa sita baada ya kila badiliko, lengo likiwa mara mbili ya kawaida au zaidi. Damu isitolewe kwenye mkono wenye dripu ya heparini. Jibu litakuwa la kutisha na la uongo, na mtu atapunguza dawa isiyohitaji kupunguzwa. Tena ujauzito huongeza kigandishi namba nane, ambacho huifanya aPTT ionekane fupi hata heparini ikiwa ya kutosha. Ikiwa dozi imeshapanda sana na aPTT bado haisogei, anti-Xa ndiyo inayosema kweli. Chembe sahani zihesabiwe pia: baada ya siku nne za heparini ya aina yoyote, hesabu mpya inatakiwa kabla ya sindano ya mgongo, kwa sababu heparini yenyewe huweza kuziangusha.

Kuna swali linaloulizwa mara chache kuliko linavyostahili: uchungu ukianzishwa kwa dawa, heparini isimame lini? Jibu la kawaida kwenye karatasi ni asubuhi ya kuanzisha. Kwa mama wa mimba ya kwanza mwenye mlango mgumu, kuiva kwa mlango peke yake kwaweza kuchukua siku nzima, na siku nzima bila heparini ni ndefu mno. Tunaona ni sahihi zaidi dripu iendelee wakati mlango unalainishwa, isimame mama anapokaribia uchungu kamili, na mtaalamu wa usingizi ajulishwe saa hiyohiyo ili saa nne zake zianze kuhesabiwa. Akienda kasi kuliko ilivyotarajiwa, protamini ipo: miligramu 1 kwa kila yuniti 100 za heparini ya saa mbili tatu za mwisho. Kwa mama wa mfano wetu ni kama miligramu 25. Itolewe polepole kwa dakika kumi, isizidi 50 kwa mara moja. Ikisukumwa haraka, presha huporomoka.

Heparini hiyohiyo ya kuchoma chini ya ngozi mara mbili kwa siku hatuipendekezi kwa valvu hizi. Nguvu yake hupanda na kushuka mno, na ikitumika miezi mingi hudhoofisha mifupa.

Kuhusu vidonge vipya, dabigatrani, rivaroksabani na apiksabani, hakuna cha kujadili. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma lilisitishwa mapema kwa sababu ya mabonge na kutoka damu, na matokeo yakachapishwa 2013. Na hupita kwenye kondo la nyuma. Mjamzito akikutwa navyo, viachwe siku hiyo na daktari wa moyo apigiwe simu.

Mashine ya INR ya kidole

CoaguChek XS ni mashine ya kiganjani: tone la mikrolita 8 kutoka kidoleni, jibu kwa dakika moja hivi, kuanzia 0.8 hadi 8.0. Kwa mama anayeishi mbali na maabara ni msaada mkubwa kuliko ahadi ya kliniki ya kila mwezi. Gharama iko kwenye vibanzi vya kupimia, vinavyopokea tone la damu, zaidi ya mashine, na vibanzi hivyo vinataka nyuzi 2 hadi 30. Tone liwekwe ndani ya sekunde 15 tangu kuchoma, bila kukamua kidole kama nyanya; kukamua huchanganya maji ya mwili na damu na jibu hupotoka. Mikono ioshwe kwa maji ya uvuguvugu kwanza, damu itashuka yenyewe.

Mipaka yake miwili inawahusu wajawazito wetu moja kwa moja. Mashine inaaminika hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikiwa kati ya asilimia 25 na 55. Mama mwenye upungufu wa damu, himoglobini chini ya 8 hivi, yuko nje ya mipaka hiyo, na wodi ya wazazi ina wengi wa namna hiyo. Pili, mashine haipimi heparini. Hapa pana hatari kubwa kuliko zote tulizotaja kuhusu kifaa hiki: mama yuko kwenye enoksaparini, kidole kimechomwa, INR ni 1.0, mtu anaandika "damu iko sawa" na sindano ya mgongo inaandaliwa. INR ya 1.0 haisemi lolote juu ya enoksaparini aliyochoma saa tano zilizopita. Kinachomlinda mama huyo ni saa iliyoandikwa kwenye kadi yake: dawa gani, miligramu ngapi, saa ngapi. Na uamuzi wa kuchoma mgongo baada ya warfarini ufanywe kwa INR ya maabara iliyorudi kawaida. Ya kidole ni ya kufuatilia.

Ganzi gani inakaa na dawa gani

Damu ikiwa imerudi kawaida, epidurali ya mapema, ganzi inayopitishwa kwenye mrija mwembamba mgongoni, yenye dawa nyepesi, bupivakaini ya asilimia 0.1 na fentanili mikrogramu 2 kwa mililita, ndiyo bora kwa moyo huu. Maumivu yakituliwa mapigo hayakimbii, presha haipandi na kila uchungu, na upasuaji wa ghafla ukihitajika ganzi huongezwa taratibu kwenye mrija uleule. Ganzi ya mgongo ya sindano moja hushusha presha kwa ghafla. Inafaa mwenye moyo wenye nguvu, fenilefrini ya kupandisha presha ikiwa imeandaliwa, na haimfai mwenye msukumo dhaifu au valvu iliyoanza kubana. Aspirini ya dozi ndogo peke yake haizuii sindano ya mgongo.

Saa zisipotimia, mgongo uachwe. Kwa kuzaa kawaida kuna remifentanili, dawa ya maumivu ya mshipani ya kujibonyezea, palipo na pampu yake na mkunga asiyeondoka kando ya kitanda, kwani huweza kuzima pumzi. Kwa upasuaji ni nusu kaputi, na hapa kosa ni kutumia mazoea: ketamini ya haraka ya kulaza mgonjwa huyakimbiza mapigo, na mapigo ya kasi huinyima valvu ya mitrali muda wa kupitisha damu. Fentanili kabla ya kuingiza mpira wa hewa hutuliza mshtuko wa koo. Daktari wa mtoto aambiwe, kwa sababu mtoto anaweza kuzaliwa mvivu wa kupumua kwa dakika chache.

Mrija wa epidurali ni hatari ukitoka kama ulivyokuwa hatari ukiingia. Wodi ikianza heparini huku mrija ungali mgongoni, hapo ndipo damu huvujia kwenye uti. Miguu ipimwe nguvu kila saa. Ganzi iliyoanza kuisha kisha ikarudi, maumivu mapya ya mgongo, au mkojo kukataa, ni picha ya MRI au CT saa hiyohiyo. Damu iliyobana uti inatakiwa kuondolewa ndani ya saa nane kama miguu itapona.

Mtoto akishatoka

Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, kwa dripu polepole: mwongozo wa Ulaya wa 2018 ulitaja yuniti 2 kwa dakika 10, kisha miliyuniti 12 kwa dakika kwa saa nne. Ile yuniti 10 ya msuli ambayo ni desturi ya kila leba humwachia mama huyu uvimbe wa damu pajani, na ikisukumwa kwa mkupuo mshipani humwangusha presha. Ergometrini isitumike. Misoprostoli na puto la kizazi viwepo chumbani kabla, siyo kutafutwa damu ikishamwagika. Sindano zote za msuli zifutwe kwenye maagizo ya kawaida: diklofenaki ya baada ya upasuaji, pethidini, zote. Paracetamoli na mofini za mshipani zinatosha. Penisilini ya kila mwezi ya kuzuia homa ya rumatiki ni ya msuli pia. Katika wiki hizi za kubadilisha dawa, penisilini V ya kumeza huishikia nafasi.

Heparini ya dripu hurudi saa nne hadi sita baada ya kuzaa kama kizazi kimekaza na pedi haijai, bila dozi ya kuanzia ya mkupuo, na angalau saa moja iwe imepita tangu mrija wa epidurali kutolewa. Enoksaparini ya dozi ya tiba ingoje saa 24 tangu sindano ya mgongo na saa nne tangu mrija kutoka. Warfarini tunapenda ianze siku ya tano hadi ya saba, jeraha likiwa kavu, heparini ikiendelea hadi INR ifike lengo lake na kukaa hapo kwa vipimo viwili. Zote tatu zinaruhusu kunyonyesha. Kwa uzazi wa mpango, kijiti au kitanzi kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani; vidonge vyenye estrojeni havimfai.

Na usiku wa kwanza nyumbani, nyumba ikiwa kimya, aisikilize valvu yake. Wengi huzisikia zikigonga kama saa ya mkononi. Mlio ukififia au ukipotea, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, aende hospitali yenye mashine ya kupima moyo usiku huohuo, na aanze kwa kusema ana valvu ya chuma na dawa yake ya mwisho aliitumia saa ngapi.